Je, Kitaingia Kwenye Kirikuu?

Maneno haya niliyasema Tabata, Dar es Salaam, Jumamosi moja jioni, mbele ya kikundi cha kuweka na kukopa ambacho nusu ya wanachama wake ni vijana wanaoanza maisha. Waliniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Mwenyekiti wetu, mama mweka hazina, wazee wangu shikamooni. Vijana, mambo zenu. Na ninyi mliosimama mlangoni ingieni, mikeka ipo, nimekuja nayo mwenyewe.

Nilimwomba katibu awaambie kila mmoja aje na kipimo cha dirisha lake moja, upana na urefu, kwenye karatasi. Nimehesabu: karatasi ziko saba. Wengine mmekuja na picha kwenye simu. Nimeonyeshwa tatu hapo nje kabla sijakaa. Kochi jeupe, zulia jeupe, ukuta mweupe, meza ya kioo, na mtoto haonekani popote. Nikamuuliza dada mmoja, hii sebule iko wapi? Akasema hajui, ameitoa Instagram. Nikamuuliza, dirisha lako lina upana gani? Akasema ni la kawaida tu. (Kicheko.) Mwanangu usinune, nakutania. Utarudi kwenye hilo dirisha kabla hatujaachana.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona mapazia, foronya na mavazi ya makochi, mwaka wa ishirini na mbili huu. Kazi hii inakuingiza ndani ya nyumba za watu. Nimepima madirisha ya Mbezi na ya Mbagala, ya maghorofa ya Upanga, na ya vyumba vya Manzese ambavyo ukisukuma mlango unagonga kitanda. Kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona nikiwa juu ya stuli, futi ikiwa mdomoni.

Tuanze na hela, maana ndiyo iliyotukutanisha. Tuseme umepata chumba na sebule, laki na nusu kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita: laki tisa. Dalali anataka ya mwezi mmoja: laki na nusu. Hujanunua hata ufagio, milioni moja na elfu hamsini imekwenda. Unaingia ndani, unaita, sauti inakurudia. Mfukoni una nauli. Na hapohapo mama anapiga simu: Jumapili tunakuja kupaona.

Hapo ndipo watu wanapoharibikiwa. Binti anakimbilia kausha damu, ile mikopo ya riba kali, ananunua sofa ya L, meza na kapeti la manyoya kwa siku moja. Jumapili wageni wanakuja wanasifia. Jumatatu anaanza kupiga pasi ndefu, yaani kushinda na njaa, na marejesho ni kila wiki. Nimeshawahi kwenda kupima kochi nivishe kitambaa, nikafika nikakuta kochi limeshabebwa na waliokopesha. Nilirudi na futi yangu.

Sasa nami niwape kisa changu, msidhani nimezaliwa na akili hizi. Mwaka 2009 nilipanga vyumba viwili, dari lake lilikuwa la silingibodi, limejaa madoa ya chai, yale maji ya mvua yanayopita kwenye bati. Nikasema hapana, mimi fundi wa kupamba nyumba za watu siwezi kulala chini ya dari la namna hii. Nikavunja kibubu, nikaita fundi, tukapiga jipsamu, na taa za kujificha pembeni. Ilipendeza, sitadanganya. Baba mwenye nyumba akaja siku moja kwa shughuli zake, akakaa, akatazama juu muda mrefu. Akasema, "Mama, nyumba imekuwa ya kisasa." Nikasema asante baba, karibu chai. Mkataba ulipokwisha akapandisha kodi elfu hamsini kwa mwezi. Nilipouliza sababu akanyoosha kidole juu. Nyumba imekuwa ya kisasa!

Nilihama. Nilikodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, nikapakia kitanda, masufuria, cherehani. Dari langu lilibaki palepale, na mpangaji aliyefuata akalala chini yake. Toka siku ile, kitu chochote cha nyumba nikitaka kukinunua nakiuliza swali moja tu: je, wewe utaingia kwenye kirikuu? Kikijibu ndiyo, tunaanza kuzungumza bei. Kikijibu hapana, hicho ni cha baba mwenye nyumba, na anunue mwenyewe.

Vigae, dari, makabati ya kupigilia ukutani, grili: havipandi. Ukitaka kuviweka, kaa na mwenye nyumba, muandikiane kwamba gharama mnakatana kwenye kodi, na asaini. Akikataa kusaini umeshapata jibu lako. Feni ya kusimama inapanda. Panga boi nalo linapanda, ila uwe na fundi umeme wa kulifungua na kulifunga, na dari la huko unakokwenda liwe na pa kuling'iniza.

Neno la pili. Ukishaingia, kaa mwezi mzima bila kununua pambo lolote. Najua ni vigumu. Nunua godoro, weka kitambaa chochote dirishani watu wasikuone, kisha uichunguze nyumba kama unavyomchunguza mchumba. Jua la jioni linapiga ukuta upi? Chumba chenye dirisha la magharibi, miezi ya kaskazi, Januari na Februari hivi, ukuta unakaa na joto hadi saa nne usiku, na ukiweka kichwa cha kitanda hapo utaamka kama umeokwa. Upepo unaingilia wapi na kutokea wapi? Nimeona watu wameweka kabati la nguo mbele ya dirisha la pekee, kisha wanalalamika kwamba Dar ni joto.

Halafu madumu. Kwenye zile picha za simu hakuna dumu hata moja, na hiyo ndiyo inayonijulisha kwamba waliozipiga hawaishi hapa. Sisi maji yanatoka leo, kesho hayatoki. Nyumba ya Dar ina madumu, ina pipa, ina mtungi wa gesi, ina ndoo yenye mfuniko. Usipovitafutia mahali kabla ya kochi, vitajitafutia vyenyewe, navyo vinapenda sana kukaa sebuleni karibu na televisheni. Ninachofanya mimi ni rahisi: napima madumu manne yakiwa yamepangwa mawili mawili, nafanya kibenchi cha mbao juu yake, chini navisha pazia fupi la kamba. Juu unaweka sahani, jagi, chochote. Mgeni anaona meza, wewe unajua kuna lita themanini.

Haya, ukuta. Watu wa pwani tunajua adha ya chumvi. Unapaka rangi Juni, Desemba inafura, inabanduka kama magamba ya samaki, na chini yake unakuta unga mweupe. Ule unga ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia tofali, yanabeba chumvi, yakifika juu ya plasta yanakauka yenyewe na kuiacha chumvi, nayo ndiyo inayoisukuma rangi. Sasa mtu anaona vile, anaosha kwa maji! Umeiyeyusha, imerudi ndani, itatoka tena. Piga brashi ngumu ukuta ukiwa mkavu, kusanya ule unga kwa ufagio, utupe nje. Usipake rangi ya mafuta juu ya ukuta wa hivyo, inaziba maji yasipate pa kutokea, yanatafuta njia kwa kuipasua. Rangi ya maji inapumua kidogo. Chokaa inapumua zaidi, bibi zetu waliijua, na bei yake haina ugomvi.

Na zile tofali za sponji za kubandika, na wolpepa. Ukuta mkavu kabisa wa ghorofani, sawa, bandika. Chumba cha chini chenye unyevu, miezi mitatu gundi inaachia, na nyuma yake umefuga ukungu mweusi ambao watoto wanauvuta usiku. Mimi sibandiki, na mteja akinilazimisha namwambia atafute fundi mwingine.

Ukiamua kupaka, subiri masika yaishe, kisha piga hesabu kabla ya kwenda dukani, maana muuza rangi atakupa ndoo ya lita ishirini na baraka zake. Chumba cha mita tatu kwa tatu, kuta zenye kimo cha mita 2.7, jumla ni mita za mraba 32 na kidogo. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 29. Lita moja ya rangi ya maji hupaka karibu mita za mraba kumi kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja. Mikono miwili ni kama lita sita. Kopo la lita nne halitoshi, ndoo ya ishirini itakubakia zaidi ya nusu. Kwa hiyo ama nunueni ndoo moja wapangaji watatu mgawane, nimeona wakifanya hivyo Kinyerezi, nyumba tatu zote rangi ya maziwa, ama paka ukuta mmoja tu, ule unaoonekana mlango ukifunguka. Ukuta mmoja ni mita nane za mraba na kidogo, lita mbili zinatosha mikono miwili. Na ndoo ikiisha usiitupe, toboa chini, panda yasmini, weka nje ya dirisha. Usiku upepo utakufanyia kazi ya udi.

Sasa nimefika kwenye kazi yangu, hapa mniruhusu nikae kidogo.

Kosa la kwanza la pazia ni kupima dirisha. Nacheka mwenyewe, maana ndivyo nilivyowaagiza muje nalo. Dirisha unalipima ujue pa kuanzia tu. Pazia unalipima kuanzia pale bomba la kulitundikia litakapokaa. Mwaka wangu wa pili wa kazi nilimshonea mama mmoja mapazia ya sebule, kitambaa chake mwenyewe cha gharama. Nilipima vizuri, nikashona vizuri, nikatundika, yakagusa sakafu kama yanasujudu. Baada ya kufuliwa mara moja tu yakapanda juu kwa upana wa kiganja, mithili ya suruali ya mtoto aliyerefuka. Sikuwa nimekiloweka kitambaa kabla ya kukata. Nilimlipa, nikashona upya kwa hasara yangu. Kitambaa cha pamba kilowekwe maji usiku kucha, kikauke, kipigwe pasi, ndipo mkasi uguse. Kama kitarudi kirudi kabla, na kama kitachuja utaona kwenye beseni.

Nipe ile karatasi ya kwanza. Sentimita 120 upana, 120 urefu. Ahsante kaka. Bomba tuliweke sentimita 15 juu ya dirisha, na lizidi dirisha 15 kila upande, kwa hiyo bomba ni 150. Kwa nini lizidi? Ukifungua pazia mchana lote linajikusanya ukutani, kioo kinabaki wazi, mwanga unaingia wote, na mgeni anadhani una dirisha kubwa. Sasa kitambaa. Kwa marinda ya kushiba, upana wa kitambaa uwe mara mbili ya bomba, yaani mita tatu. Kwa mwenye kujibana, mara moja na nusu haina aibu.

Chukua kitenge. Upana wake ni kama sentimita 115. Vipande viwili ni 230, mara moja na nusu ya bomba letu, tumepatia. Kushuka: 15 ya juu, 120 ya dirisha, 15 ya chini, hiyo 150. Ongeza 20 za kukunjia juu na chini, 170 kila kipande, viwili ni mita 3 na sentimita 40. Yadi nne za kitenge ni mita 3 na sentimita 66. Kinabaki kipande cha sentimita 26, hicho ndicho mikanda ya kufungia pazia pembeni. Hakuna kilichotupwa. Nyuma vaa bafta nyeupe, maana jua linakula rangi ya kitenge, na weupe ule unarudisha joto nje. Pazia jeusi lisilo na bafta kwenye dirisha la magharibi ni pasi.

Mnaniuliza kanga. Kanga naipenda kuliko kitenge, lakini kwa pazia ina matatizo yake. Kila moja ina kama mita 1.5 kwa 1.1. Ukiilaza ili jina, yale maneno yake, lisomeke, inakuwa fupi, haifiki chini ya dirisha. Ukiisimamisha inafika, lakini maneno yanasimama wima na mgeni akitaka kuyasoma, shingo inamuuma. Kanga kazi yake ni foronya na mito ya kuegemea. Mto wa inchi 18 kwa 18, unakata uso kutoka kwenye mji, ile sehemu ya katikati ya kanga, mgongo unaweka bafta. Kama mji una maua madogo madogo, kanga moja inatoa nyuso mbili, doti nzima nyuso nne, na pindo zinakuwa mikanda ya kuzungushia. Kama una ua moja kubwa katikati, kata uso mmoja tu, usilichinje ua. Nendeni Mtaa wa Uhuru, asubuhi, siku isiyo ya mwisho wa mwezi.

Na jina lisomeni! Mteja wangu mmoja alitundika kanga ukutani, nyekundu na nyeusi, nzuri sana, kwenye fremu. Hakusoma. Wifi yake alipokuja alikaa kochi la mbele yake, akasoma polepole kwa sauti: mwenye wivu ajinyonge. Chai ilipoa. (Kicheko kirefu.)

Kwa asiyetaka kushonewa, kuna mapazia ya mtumba. Ilala, pale Karume, soko lililoungua Januari 2022, wauzaji wamerudi na belo zinafunguliwa alfajiri. Yale mapazia ya Ulaya ni mazito, yana bitana tayari, na marefu hata yanabaki. Shida yake mara nyingi unapata moja, mwenzake hayupo. Usimsubiri. Chukua moja la kijani na moja la kijani iliyokolea, tundika kila moja upande wake, watu watadhani ulikusudia. Kabla ya kulipa liinue juani uangalie, kisha livute kwa nguvu kwa mikono miwili. Likitoa sauti ya karatasi, limeliwa na jua la huko, mwachie muuzaji.

Makochi. Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu ushauri wangu ni msinunue. Nasema kweli. Mwaka wa kwanza kaa chini. Kwa nini tunaona haya kukaa chini, wakati ndivyo tulivyolelewa? Angalieni huu mkeka mnaoukalia. Huo ni ukindu, umesukwa ukili mmoja mmoja kisha ukaungwa, rangi ya zambarau na kijani imetiwa kabla ya kusuka ndiyo maana haitoki. Ukimwagikiwa na chai unapangusa. Hauli vumbi kama kapeti la manyoya, ambalo kwa joto letu ni kama kumfuga mbuzi sebuleni. Tandika mkeka mpana, panga magodoro membamba ya sponji ukutani, vika kitenge, mito minne ya kanga. Wageni wanane wanakaa. Sofa ya L inakalisha watano, wa sita anakaa kwenye mkono wa kochi na mwenyewe roho inamuuma. Na siku ya kuhama mkeka unaviringishwa, unasimama pembeni ya kirikuu kama bunduki ya mgambo.

Ukishajaza kibubu, nenda Keko, kwenye karakana za samani. Lakini nenda kochi likiwa bado uchi. Mwambie fundi unataka kuliona kabla halijavishwa kitambaa, akikataa songa mbele, karakana ni nyingi. Atakwambia mbao ni mninga. Mninga ni mzito, una wekundu wa kahawia. Ukiona mbao nyepesi, nyeupe, yenye mafundo, hiyo ni paini, na paini si mbaya ikipigwa dawa ya wadudu, ila isiuzwe kwa bei ya mninga. Kaa juu yake kwa dakika kumi, piga naye stori. Sponji mbovu inakaa vizuri dakika mbili.

Vya watu wanaohama ni rahisi, wale wa Masaki wanaorudi kwao huuza meza na rafu nzuri kwa bei ya kuondoka. Mbao na chuma chukua. Kochi la kitambaa, washa tochi ya simu, fungua kila mshono. Ukiona vidoti vyeusi kama pamemwagiwa wino, hapo pana kunguni, na utawapeleka hadi kitandani kwako. Godoro la mtu mwingine mimi silichukui hata la bure.

Kijana mmoja hapa amesema anataka kitanda cha mapaleti. Wazo zuri, godoro likilala sakafuni pwani hii linatoka jasho kwa chini, linaota ukungu, kwa hiyo paleti linalinyanyua lipate hewa. Lakini tafuta muhuri uliopigwa pembeni mwa mbao. Ukiona HT, zilitibiwa kwa joto, beba. Ukiona MB, zilifukizwa kwa gesi ya methili bromaidi, ambayo ni sumu, ziache. Na zisizo na muhuri wowote, ziulize zilibeba nini, wala usiamini jibu.

Ukuta mtupu unawasumbua wengi. Nawakumbusha watu wawili, au tuseme mmoja na mji mmoja. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora hapa Dar mwaka 1968. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alichukua vipande vya ubao wa dari, akachora kwa rangi ya kupakia baiskeli, akauza Oysterbay, nje ya maduka ya Morogoro Stores. Alifariki 1972, miaka minne tu, na leo ukisema tingatinga hata mgeni wa mbali anajua ni picha ya namna gani. Ubao wa dari na rangi ya baiskeli! Vipande vya aina hiyo vinatupwa kila siku karakana za Keko. Kama una mtoto anayechora, mpe. Kama huna, wachoraji wapo palepale Oysterbay hadi leo, na picha ndogo isiyo na fremu si ya kutisha. Msimkandamize sana bei lakini, naye ana miezi sita ya kodi.

Mji ni Kunduchi. Nendeni siku moja kwenye yale magofu, kuna makaburi yana nguzo, na kwenye nguzo walipachika mabakuli na sahani za Kichina. Wazee wetu waliona sahani nzuri ni pambo la kusimamishwa, mahali pa kuonekana. Sisi tunazifungia kwenye shoo kesi tukimngoja mgeni ambaye haji. Nunua sahani za mtumba moja moja, kila moja na ua lake, panga tano ukutani kwa waya wa kushikia. Bahati mbaya nyingine zitavunjika njiani, zifunge ndani ya mapazia siku ya kuhama.

Taa dakika moja tu, naona mwenyekiti anatazama saa. Kwenye boksi la balbu kuna namba imefuatwa na herufi K. 6500 ni mwanga mweupe wa duka la dawa, kila mtu anaonekana mgonjwa. 3000 ni wa njano, kama saa kumi na mbili jioni. Jikoni weka nyeupe uone mawe kwenye mchele, sebuleni na chumbani weka ya njano. Bei karibu ni ileile. Na kioo kirefu, hata kilichokatwa pembe kwa mkata vioo, kisimamishe kikitazamana na dirisha.

Vitambaa vya kufuma vya makochi sikuvisema, nimeona mama mweka hazina ananitazama. Mama, vyako ni vizuri, nimevikagua, uzi wa pamba, kazi ya mkono. Tatizo langu liko kwenye vile vya dukani vya nailoni, vinavyoteleza na kumfuata mgeni mgongoni hadi kituo cha daladala.

Haya. Nimekuja na bafta mita kumi, mkasi, futi mbili na vipande vya kitenge vya kujifunzia. Watu saba wenye karatasi njooni mbele, tukate. Wenye picha za simu, chukueni futi ile nyingine, dirisha la ukumbi huu lile pale. Dada wa Instagram, panda wewe kwenye stuli. Anzia juu ya bomba.